Ruhusa ya Mchungaji

Jumatano, Namakwekwe, Mbale

Nimemwacha mke wangu Agnes wodini, amelala. Daktari anasema atapona. Mimi ndiye sijui nitamtazamaje kesho.

Asubuhi nilipofika hospitali kutoka Jinja, kwenye kazi yangu ya uaskari magereza, nilimkuta amejikunja kitandani kwa maumivu. Daktari alinieleza waziwazi kwamba mimba imetunga kwenye mrija wa uzazi, mtoto hawezi kuishi, na Agnes anavuja damu ndani.

"Afande, tia sahihi tumpasue sasa hivi."

Nikasema, "Ngoja kwanza nimuulize mchungaji."

Mimi ni mzee wa kanisa. Miaka yote nimewafundisha vijana kwamba kutoa mimba ni kuua, basi. Nikatoka nje na simu. Mchungaji hakupokea. Nikapiga tena na tena, karibu nusu saa.

Mama Hadija, jirani yetu Mwislamu aliyemleta Agnes hospitali, alinifuata. "Shemeji, hata kwetu mimba ni amana ya Mungu. Lakini mama naye je?"

Nikabonyeza tena namba ya mchungaji.

Mwishowe mchungaji akapokea, nikamweleza yote. "Mkeo anakufa, na wewe unanipigia mimi? Nenda ukatie sahihi!"

Nilikimbia ndani. Agnes alikuwa ameshatia sahihi mwenyewe, herufi zimepinda zote, na walikuwa wanamsukuma kwenda kupasuliwa.

Jioni alipozinduka aliniuliza polepole, "Na kama mchungaji angekataa?"

Nilitaka kusema ningesaini hata hivyo. Nikamwambia apumzike.