Bakuli la Maji Ndani ya Piano

Jumanne

Wamelitoa. Lile bakuli la maji tuliloliweka ndani ya piano ya kanisa la Igalula ili mbao zisikauke kiangazi hiki, Mama Yohana wa kwaya amelitoa na kuyamwaga maji. Amenipigia simu leo ofisini, hapa kwenye karakana yetu ya piano, kunijulisha.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Huku watu wanasema. Maji yamefichwa kanisani, tena yamefunikwa kitambaa! Wananiuliza mganga wetu ni nani."

Alicheka. Mimi sikuweza, maana aliyeyaficha ni mimi. Siku ile mafundi walikuwa na kazi nyingi, nikaambiwa mimi karani niliweke bakuli.

Juma lijalo mwanafunzi wetu Neema anafanya mtihani wake wa mwisho wa ufundi kwenye piano hiyo hiyo. Mbao zikikauka, pini zinalegea na nyuzi hazishiki sauti. Mwalimu anayemtahini hatauliza habari za maji. Atasikiliza, atatikisa kichwa, na Neema atarudi kwao Lusu bila cheti. Halafu mimi niliyelifunika ndiye nitakayelaumiwa.

Nilimsihi Mama Yohana alirudishe, safari hii bila kitambaa, kila mtu alione.

"Nitalirudisha," alisema, "ila kesho uje mwenyewe. Uyanywe kwanza mbele yao."

Nikakubali kabla sijafikiri.

Maji yenyewe siyaogopi. Ni ya kisima chao, wote wanayanywa. Lakini kesho kwaya nzima itakuwa imenikodolea macho, na mimi nikitazamwa hupaliwa hata na chai. Nikipaliwa na maji haya, nani ataamini si ya mganga?