Supu ya Nélida na ule ukuta

Casilda, usicheke kwanza.

Ule ukuta wa zile nyumba mpya umeziba mtaa wetu kabisa. Nélida kabaki upande wa ndani, anaumwa, na njia ya kwake sasa ni kuzunguka kwa mabasi mawili. Zamani nilimpelekea supu bila hata kufunika sufuria!

Leo nimepanda ngazi. Mimi, na magoti haya.

Nilipofika juu nikaketi, nikaivuta ngazi na kuishusha upande wa pili. Mlinzi wa zile nyumba akaidaka.

“Bibi, unakwenda kwa nani?”

“Kwa Nélida. Si yule pale anatupungia mkono?”

“Wageni wanapita getini.”

“Geti liko wapi?”

Akanionyesha kule mwisho wa mji, kwenye barabara ya mzunguko wa saba. Wa saba, Casilda! Kisha akaondoka na ngazi yangu, eti ni ushahidi.

Supu ya karanga nimeishusha kwa shali. Nélida ameonja, anasema ni ya moto ila chumvi haitoshi.

Mimi bado niko huku juu. Njoo na ngazi yako kabla binti yangu hajarudi kutoka kazini akanikuta.

Na chumvi.