Wamelelewa

Mhezi, Jumapili jioni

Bado nacheka, na huku machozi yananilenga.

Kaka Elinami alikuwa ameshakodi msumeno wa mashine. Kesho angeanza kuukata mpungi, msitu wa ukoo wetu ambao hatuokoti humo hata kuni kavu, apande tangawizi. Nimembembeleza wiki nzima, akaniita mshamba. Mimi!

Leo alikuwa anatazama kwenye simu filamu ya watu wa msitu wa Amazoni. Mzee mmoja aliugusa mti, akaongea nao taratibu, ndipo akabandua gome kidogo la dawa. Mama akaichukua simu, akatazama mpaka mwisho.

"Hawa ni wa ukoo gani?"

"Si wa huku, mama," kaka akamjibu. "Wako Brazili."

"Hata kama. Wamelelewa."

Kaka akachukua simu yake, akatoka nje. Baadaye nikamsikia uani akipiga simu: "Ule msumeno mpe mtu mwingine."

Tangawizi ataipanda wapi, sijui, na wanawe wanasoma. Hilo linanitia wasiwasi. Lakini asante Mungu, na asanteni watu wa Amazoni.

Nasikia na kwao misumeno inaunguruma. Laiti wenye misumeno hiyo wangekuwa na mama kama huyu.