Viatu Vilivyofichwa Unguja

Mjukuu wangu Salma,

Marahaba, mwanangu. Huku Likoni tu wazima, na mamako mdogo amejifungua mtoto wa kike.

Wauliza mtaitembea vipi miji mitatu ya ng'ambo kwa hizo pesa chache. Kabla ya uhuru, baba yangu alitupangia Pemba, Unguja na Dar kwa meli, tulale kwa jamaa ili tusilipie malazi. Tulipokuwa Unguja, asubuhi ya kuondoka, viatu vyetu havikuonekana. Mwenyeji wetu akacheka: “Wallahi, hapa mgeni hatoki kwa kuaga mara moja!” Binti yake ndiye aliyevificha. Meli ikatuacha. Dar siijui hata leo, na bado najiuliza ikoje.

Panga, mwanangu, lakini acha nafasi ya kuzuiliwa. Leo nimemuuliza tena bibi yako alivificha wapi. Hasemi ng'o.

Babu yako