Kupanda Kilima Kinyumenyume

Kiamunyi, Jumamosi, Agosti 1957

Asubuhi ukungu ulifunika mlima wote wa Menengai, baridi ya kukata vidole. Sasa ni jioni, mbingu ni safi, nami nimeshika kalamu.

Leo nimemwona baba yangu akisahau kushuka garini. Baba yangu!

Nianze na gari. Ni kuukuu, la Mhindi mwenye duka la mbao pale Nakuru, ambaye mimi ni dereva wake wa lori. Limenizidi umri. Rangi imebaki kwenye mlango mmoja, na kuliwasha ni lazima uzungushe hendeli huku umeuma meno. Lakini nimelipenda, nifanyeje? Nikilipata nitawapelekea majirani maziwa na kabichi zao sokoni, niwe mtu wa kujitegemea. Akiba yangu yote imefika nusu ya bei. Nusu nyingine iko zizini mwa baba: maksai wake wawili wa kulimia.

Baba hakukataa. Alisema tu, "Maksai wangu wanapanda kilima hiki mpaka nyumbani kila siku, tena na mzigo. Hicho chuma kikipanda, mimi nikiwa ndani na gunia la mahindi, nitawauza. Kikishindwa, usiniletee tena habari ya gari."

Basi leo Mhindi aliniazima gari nikalijaribu. Baba aliningojea chini barabarani amevaa koti la kanisani na kofia, kama mtu anayeenda kutoa ushahidi. Tukapakia gunia. Majirani walishajipanga kando ya njia, maana kwetu siri hailali.

Gari lilienda vizuri mpaka kwenye mwinuko mkali. Likakohoa, likazima. Nikazungusha hendeli, likawaka, likasogea kidogo, likazima tena. Jasho! Mama Tabitha, jirani yetu asiye na breki mdomoni, akapaza sauti: "Mzee, shuka usukume, maksai wamelala!" Watu wakacheka. Baba hakucheka. Aliangalia mbele tu, na mimi nilijua anafikiria nini.

Nilitaka kulia.

Halafu nikakumbuka petroli. Nilikuwa nimetia kidogo sana, kwa sababu ya mfuko mtupu. Na tangi la gari hili liko chini ya kiti, petroli inateremka yenyewe mpaka kwenye injini. Pua ikielekea juu, injini inakuwa juu kuliko tangi, inakauka. Madereva wa zamani walikuwa na dawa yake, niliwahi kuwasikia wakisimulia, ila sikuwahi kuijaribu. Nikaliacha gari liteleze pole pole mpaka penye tambarare, nikaligeuza likaupa mlima mgongo, tangi liwe juu ya injini, nikaingiza gia ya kurudi nyuma.

"Unaenda wapi?" baba akauliza.

"Nyumbani, Baba."

Likapanda. Haki ya Mungu, likapanda! Mimi nimepinda shingo nikitazama nyuma, sioni ila njia na mawe. Mama Tabitha alikuwa anapiga vigelegele na kupiga kelele, "Jamani, hawa wanarudi kwao kinyumenyume!" Nikadhani Baba ana hasira, kwamba nimemwaibisha mbele za watu.

Tulifika uani, mama akatoka jikoni mikono ina unga. Nikavuta breki. Baba hakushuka. Alikuwa amevua kofia, ameiweka magotini. Nikageuka kuona anaangalia nini.

Mungu wangu.

Ukungu ulikuwa umeondoka na bonde lote lilikuwa pale mbele yetu: mashamba, reli, mabati ya mji yaking'aa, na ziwa, ukingo wake mzima ukiwa na rangi ya waridi kwa flamingo. Ng'ambo kabisa, milima ya Mau. Sikujua ni kubwa hivyo. Nilihisi udogo ambao haukuniumiza.

"Asubuhi nashuka hapa kungali giza," baba akasema taratibu. "Jioni napanda nimeinama na mzigo, naangalia miguu. Miaka yote hiyo." Akageuza kofia magotini. "Kumbe hapa ndipo tunapokaa."

Kisha, bila kunitazama, akasema Jumatatu tutawapeleka maksai mnadani. Hivyo tu. Neno nililoliombea mwezi mzima, na nilikaribia kutolisikia.

"Sasa mchukue mama yako," akaongeza. "Mshushe mpaka chini, umpandishe."

"Bila gunia, Baba, labda litapanda mbele mbele."

"Nimesema umpandishe kama ulivyonipandisha mimi."

Nikampandisha. Mama alinishika bega mpaka juu kwa mkono wake wa unga. Baadaye akaanza kuonyesha kwa kidole: kanisa lile pale, kisima kile pale, akicheka huku machozi yanamtoka.

Gari sasa ni kama langu, na hata sijaliosha. Nimekaa hapa nje nikiangalia taa za Nakuru zikiwaka moja moja. Nimezaliwa kwenye kilima hiki. Mimi sikubeba mzigo wowote mgongoni. Nilikuwa naangalia wapi?