Uvimbe wa Harold

Brooklyn Center, Minnesota
12 Machi 2006

Mpendwa Dada Ikupa,

Pokea salamu kutoka kwenye theluji. Mguu wako unaendeleaje? Kama bado unapanda kile kilima kila asubuhi kwenda kuchuma chai, punguza, chai haitakimbia. Na Christina, amejifungua salama? Mimi mwili hauna neno.

Nyumba ndiyo iko kimya. Natunza wazee kwa zamu, na wenzangu wanalala mimi nikiamka. Tangu Krismasi hadi juzi juzi hapa hakuna mtu aliyekuwa amekanyaga kwangu, isipokuwa kijana wa piza aliyekosea mlango, naye nilimchelewesha kwa maswali.

Nina mbwa. Usicheke. Anaitwa Harold, jina linalomtosha balozi wa nyumba kumi. Aliachwa na mzee niliyekuwa nikimuuguza. Mzee alipofariki wanawe waligawana mpaka vijiko, mbwa hakuna aliyemdai. Analala ndani, ndiyo. Nikiongea Kiswahili anainua sikio moja, na kwangu hayo ni mazungumzo.

Mwezi uliopita, nikimfuta theluji, kidole kikagonga kitu chini ya kwapa lake. Uvimbe, kama kiazi cha mbegu. Nilikaa sakafuni na taulo mkononi hadi miguu ikafa ganzi. Daktari wa mifugo akauchoma sindano kuchukua sampuli, akasema nisubiri majibu siku kumi, huenda ni saratani.

Jumapili nikasimama kanisani, wakati wa kutaja wahitaji, nikaomba wamkumbuke mgonjwa aliyeko nyumbani kwangu, ana uvimbe. Kusema ni mbwa nilishindwa. Aliyenitangulia alikuwa amewaombea pacha waliozaliwa njiti.

Basi, watu wetu unawajua. Jumamosi mlango ukagongwa: Mzee Bernard wa kwaya, Mama Makena, yule Mkenya muuguzi, na wengine watano, masufuria mikononi.

"Mgonjwa ako wapi?" akauliza Mama Makena, amevaa sura ya wodini.

Nikaonyesha chini ya meza.

"Huyu? Eliakim! Mimi nimeponda viazi vya mukimo tangu asubuhi juu ya huyu?"

"Mama, tulishaomba," akasema Mzee Bernard. "Maombi hayarudishwi dukani."

Walicheka mpaka mmoja akakaa sakafuni, maana viti nina kimoja. Kisha Mama Makena akavua koti, akapiga magoti, akaupapasa ule uvimbe kama wa binadamu. Mzee Bernard akaomba tena, jicho moja wazi, kwa usalama. Wakala, wakaimba, wakabishana kuhusu pilau ya nani ni pilau. Waliondoka jioni. Harold alikaa mlangoni, nami nikakaa naye.

Majibu yalikuja Jumatatu. Mafuta tu, Dada. Mafuta ya uzee. Nililia, mbwa akatazama pembeni kwa adabu.

Wewe ni wa kwanza kuambiwa. Kanisani sijatangaza. Nitatangaza, dhambi yangu naijua. Lakini Mama Makena ameahidi kurudi Jumamosi hii kumwangalia mgonjwa, na Mzee Bernard atakuja na mkewe. Nimeshanunua viti vitatu.

Nisalimie Christina na kichanga chake, Baba Mdogo Zadock, na majirani wote wanaoniulizia, hata wale wasioniulizia. Mungu aulaze mguu wako mahali pema usiku, auamshe bila maumivu.

Wako akupendaye, mdogo wako,
Eliakim