Kwa Mama Mdogo, Aliyeng'oa Komeo

Mpendwa Mama mdogo,

Nakuandikia nikiwa nimekaa sakafuni, mgongo nimeuegemeza mlangoni, na mwandiko wangu ni wa kuchekwa. Naogopa. Nalisema mapema usije ukahangaika kulitafuta huko chini. Fundi cherehani mzima, mwenye mtoto aliyenipita kimo, naogopa kama siku ile uliponiziba mdomo kwa kiganja chako.

Hapa ni Doornfontein, Johannesburg, mchana kweupe. Nyumba ni ya Heri, mwanangu uliyemwona kwenye picha tu, yeye na wenzake. Mlango wao hauna komeo. Mimi mkobani nina komeo jipya la chuma, skrubu zake, na bisibisi ya cherehani yangu. Ni kazi ya muda mfupi tu kulifunga. Najua umelala kaburini Bukavu mwaka wa pili sasa na huwezi kunijibu, lakini nimwulize nani mwingine? Ni wewe uliyeyaanza haya.

Unakumbuka bibi alivyokasirika? Nilikuwa kasichana ka miaka kama kumi hivi, mama amenileta kwako mlimani juu ya ziwa nijifunze kushona, na nyumba nimeikuta imejaa mahipi. Walikuja wamekaa juu ya malori ya bia, nywele hadi mabegani, miguu peku, vifurushi mgongoni, wakielekea kusini, au wakielekea popote. Bibi akasema hao si wazungu, wazungu huvaa viatu. Mimi kilichonishangaza ni kwamba walikuwa wakiomba maji. Wazungu niliowajua mimi walikuwa wanaamuru.

Na hawakuwa peke yao. Walikuwepo vijana wetu wa chuo, yule makanika mwenye gitaa la nyuzi tatu, na wewe katikati yao na suruali yako pana miguuni kama sketi mbili, uliyoishona kwa pazia la kanisa. Bibi alitaka kufa kwa aibu. Wewe ukachukua nyundo, ukaling'oa komeo la mlango, ukalifanya chuma cha kuchochea makaa. Ukamwambia, "Mlango ni wa kuzuia mvua, mama, si watu."

Sheria ya nyumba yako ilikuwa moja, nami niliifundishwa siku ya kwanza. Kwako hakuna kupiga hodi. Hodi ni kuomba, ulisema, na humu hakuna bwana wa kuombwa. Anayefika anasukuma mlango, anataja jina lake, na anasema kama amekula. Basi. Yule Tomasi mrefu, Mholanzi sijui, alikuwa akiisema kwa Kiswahili chake cha kuvunjikavunjika hadi tunacheka: "Mimi Tomasi. Sijala." Hata akiwa ametoka kula! Tukimpa sambaza, wale dagaa wa ziwani, wa kukaanga, anatafuna na vichwa, na wewe unamtazama namna fulani ambayo sikuielewa mpaka nilipokuwa mkubwa.

Redio ilipoibwa ulisema aliyeichukua alikuwa na haja ya kusikiliza. Bibi akasusa kula siku nzima.

Nimewasikia watu wakieleza kwa nini mambo yale yaliisha. Mteja wangu mmoja hapa, mzee wa Kizungu wa huku huku ambaye ujanani alikuwa na nywele hadi kiunoni, anasema kwao yaliisha kwa sababu ya kodi ya nyumba na watoto. Kila mtu alitaka chakula cha pamoja, hakuna aliyetaka kuosha sufuria. Alicheka akisema hivyo, huku namfupishia suruali ya kazini. Huko kwetu watu husema ni serikali. Kweli, serikali ilisema mwanamke kuvaa suruali ni utumwa wa kikoloni, na vijana wa chama wakakuchania ile yako sokoni kwa mikasi, watu wakitazama. Ulirudi umejifunga kitenge cha kuazima. Barabarani wakaanza kuwasimamisha wasafiri na kuwanyoa. Malori yakaendelea kuja, juu yake hakuna mtu.

Lakini mimi nilikuwepo, na mimi nasema yaliisha siku nyingine.

Yaliisha alasiri ile ulipolitoa komeo kwenye makaa, jeusi tii, ukalipigilia tena mahali pake. Wanajeshi walikuwa mtaani wakitafuta wanaolaza wageni. Tukakaa chini kama nilivyokaa mimi sasa. Mlango ukasukumwa. Ukagoma. Ukasukumwa tena, polepole, kama mtu anayedhani amekosea nyumba. Halafu sauti: "Mimi Tomasi. Sijala."

Uliniziba mdomo. Mkono wako ulinuka makaa. Sijui alisimama pale muda gani. Kwangu ilikuwa kama misa nzima. Alipoondoka ulichungulia dirishani ukamwona mgongo ukishuka kuelekea ziwani, na ndipo ukasema, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia tena, "Basi. Tumekwisha." Hakuja tena, wala mwingine hakuja. Hatukujua alilala wapi siku ile wala kama alifika kokote. Komeo lilibaki mlangoni hadi bibi anafariki, na wewe ukashona sare za shule maisha yako yote, kama mimi.

Sikulaumu. Nataka ujue hilo. Ungefungua, labda nisingekuwepo kuandika.

Sasa msikie mjukuu wako. Nilimlea kwa hadithi zako, maana nilikuwa sina nyingine, na mtoto wa Jo'burg akililia hadithi utampa nini? Kiswahili anakielewa, kujibu anajibu kwa Kiingereza, lakini ile ya komeo aliisikia vizuri mno. Mwaka huu amehamia humu na wenzake, Wazulu, Wakongo, msichana wa Malawi, nywele zao kama vichaka, sufuria moja, na mlango bila komeo. Nilipomfokea akanijibu, "Eish, Mama, si ulisema ni wa kuzuia mvua?" Ningemzaba kofi kama nisingecheka.

Wiki hii hakuna wa kucheka. Wameanza tena kutufukuza sisi wageni, makundi yenye fimbo na mapanga, duka kwa duka. Kule Malvern, Jules Street, nilifunga kibanda changu nikaiacha cherehani ndani. Heri nikampigia simu arudi nyumbani, akakataa. Nikamwambia basi wafunge mlango, akakataa hilo pia. Ndipo nikanunua komeo, nikapanda teksi, haya mabasi madogo ya huku. Nikasema nitalifunga mwenyewe, atake asitake.

Hatukufika. Kwenye roboti, ndivyo huku wanavyoziita taa za barabarani, ilikuwa nyekundu na mbele yetu barabara imejaa watu, matairi yanawaka. Dereva akatushusha sote, akageuza gari. Mama mdogo, nimekimbia. Kwa magoti haya! Nimebisha kwenye geti la kanisa, kwenye duka la vipuri, kwenye saluni ya dada ninayemshonea nguo za watoto. Nilimwona akinitazama kupitia vyuma. Akatikisa kichwa, machozi yanamtoka, akavuta pazia. Hata yeye simlaumu. Nilikuwa nasikia vioo vinavunjwa nyuma yangu na sikugeuka kutazama.

Mlango wa kwanza kunipokea ulikuwa huu. Niliusukuma kwa bega, ukafunguka, nikaangukia ndani, na kabla sijapata pumzi mdomo wangu ukasema wenyewe, "Mimi ni mama Heri. Sijala." Yule msichana wa Malawi akaninyanyua, akanipa chai ya maziwa, hakuuliza swali.

Unafikiri Heri alikuwa ametulia? Alikuwa anavaa viatu aende kumtafuta mtu. Pale kona kuna mama Mrundi anayeuza nyanya, ana mtoto mchanga, na walikuwa hawajamwona tangu asubuhi. Nikamshika shati. Nikamwambia mambo ambayo mama hapaswi kumwambia mtoto. Akanibandua vidole kimoja kimoja, kwa upole, na kwa mara ya kwanza sijui tangu lini akanijibu kwa Kiswahili. "Usifunge, Mama. Anayekimbia hana muda wa kubisha."

Akatoka. Msichana yuko dirishani huko nyuma. Mimi nimekaa hapa mlangoni, bisibisi mkononi, komeo kwenye mapaja. Skrubu ya kwanza nimeshaigusisha kwenye mbao. Mbao yenyewe ni laini, ingeingia bila shida. Nasikia watu wakiimba barabara ya pili, na nyimbo zao nazijua, mbili nimeziimba kanisani. Kwa hiyo nimeegemea. Sijafunga, lakini nimeegemea kwa uzito wangu wote, na uzito wangu unaukumbuka. Nasema moyoni, Bwana, mimi si Mama mdogo wa pazia la kanisa. Mimi ni Mama mdogo wa kiganja.

Ngoja. Kuna mtu anasukuma.

*

Nimerudi kwenye karatasi. 

Ilikuwa sauti ya mwanamume, na alisema Kizulu. Mlango ulinisukuma mgongoni, ukarudi, ukanisukuma tena, polepole, kama mtu anayedhani amekosea nyumba. Msichana kule nyuma akaganda. Kizulu changu ni cha kuuzia, lakini maneno yale niliyaelewa yote. Alisema yeye ni Themba. Alisema hajala.

Nilisogea.

Sikusogea kwa ushujaa, usije ukajisifu kwa wenzako huko. Nilikuwa nalia na nimefumba macho. Nilisogea tu makalio pembeni, kidogo, mlango ukafunguka. Akaingia kijana simjui, amembeba mtoto mchanga ndani ya koti. Nyuma yake mama Mrundi, kitenge kimelowa. Na mwisho kabisa, akitembea kinyumenyume ili aone barabara, mguu mmoja hauna kiatu, Heri.

Ningelifunga, yeye ndiye angekuwa wa mwisho nje.

Bado wanaimba huko. Bado naogopa, na usiku haujafika. Mtoto mchanga amelala kwenye mapaja yangu pale lilipokuwa komeo. Komeo limesukumwa chini ya kiti, na hakuna aliyeniuliza ni la nini. Heri ameliona. Ananipitia tu na sufuria, ananigusa bega.

Pumzika, Mama mdogo. Na kama Tomasi naye yuko huko uliko, mrefu yule, amesimama mahali hajui kama ni nyumba yenyewe, usimweleze chochote. Mpe chakula.

Ni mimi mtoto wa dada yako,
uliyemfundisha kushona.